Kuku Mgeni na Kamba Yake: Ni Nani Mwenye Haki ya Kuruhusu Filamu Ipigwe Mtaani?

Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wengi huitumia methali hii kwa kumsimanga mgeni, walakini ukiitazama vyema utaona kwamba ndani yake mna sheria nzima ya ukaribishaji. Kuku yule hakuchinjwa wala hakufukuzwa. Amepokewa, amepewa pahala pa kudonoa, ila amefungwa kamba ili ajulikane ni wa nani, asipotee, na asiparue shamba la jirani. Leo, ndugu msomaji, nataka tuizungumze kamba wanayofungwa watu wa sinema, wale wajao na makamera, majenereta na malori kupiga filamu za biashara katika miji na fuo za watu. Kamba hiyo huitwa kibali. Na swali langu ni moja: ni nani astahiliye kuifunga?

Ruhusa si jambo geni kwetu. Sisi tuliokaa chuoni tulifunzwa mapema, kwa mafunzo ya Sura ya Annur, kwamba nyumba isiyo yako huingii mpaka uombe idhini na uwasalimu wenyewe. Tukafunzwa na wazee kwamba hodi ni mara tatu. Ukiitikiwa karibu waingia, usipoitikiwa warudi ulikotoka bila ya kinyongo. Lakini kuna jambo jingine katika adabu ya hodi ambalo halikuhitaji kufunzwa, kwani hata mtoto alijua: hodi hupigwa kwenye mlango wa nyumba unayotaka kuiingia. Hapana mtu apigaye hodi Makadara kisha akaingia nyumba ya Kuze. Hata ikiwa yule wa Makadara ni mkubwa wa ukoo, na hata ikiwa nyumba ya Kuze imeandikwa kwa jina lake, wanaolala humo ndio wenye kuitika.

Na kampuni ya filamu si mtalii apitaye na kamera shingoni. Kampuni huja na watu kwa makumi, pengine kwa mamia. Huufunga mtaa kutwa nzima, huwasha taa kubwa usiku zikang'ara kama mchana, na kamba za umeme hulazwa kichochoroni ambapo punda na mkokoteni ndivyo hupita. Muuza kahawa huambiwa ahame kwa muda. Mama huambiwa asitwange, kwani chombo cha kunasa sauti chasikia kila kitu. Na mwadhini je? Yeye hana kituo cha kuambiwa angojee. Haya yote yaweza kupangwa vizuri, kwa kuelewana na kwa malipo, na mtaa ukafurahi kwa mapato na kwa tamasha. Pia yaweza kufanywa kwa mabavu ya karatasi. Tofauti ya hayo mawili imo katika nani alitia sahihi, na aliuliza nini kabla ya kutia.

GHUBA YA MAYA

Mfano ambao kila mkaazi wa pwani yafaa aujue ni ule wa kisiwa cha Phi Phi Leh, katika mkoa wa Krabi, kusini mwa Thailand, upande wa bahari ya Andaman. Upande ule una Waislamu wengi, na kisiwa kilicho jirani, Phi Phi Don, wenyeji wake wa asili ni wavuvi Waislamu. Phi Phi Leh chenyewe hakina mji. Ni majabali ya chokaa yaliyopanda juu kama kuta za ngome, na katikati yake mna ghuba ndogo iitwayo Maya, yenye mchanga mweupe, na nyuma ya mchanga ule mlikuwa na vilima vilivyofunikwa na mimea ya ufuoni. Tangu mwaka wa 1983 kisiwa hicho kimekuwa sehemu ya hifadhi ya taifa.

Mwaka wa 1998 kampuni ya Marekani, 20th Century Fox, iliitaka ghuba hiyo kwa sinema iitwayo The Beach. Mwongozaji wake alikuwa Danny Boyle, na mchezaji mkuu Leonardo DiCaprio, ambaye wakati huo jina lake lilikuwa midomoni mwa dunia nzima kwa ajili ya sinema ya Titanic. Hadithi yenyewe, iliyotoka katika riwaya ya Alex Garland ya mwaka wa 1996, yahusu vijana wa Kizungu wanaotafuta pepo ya siri kando ya bahari. Basi kampuni ikaenda Bangkok, mji mkuu, kwa Idara ya Misitu ya Kifalme, ambayo ndiyo iliyokuwa na mamlaka juu ya hifadhi za taifa. Ikalipa, ikaweka amana, ikapewa kibali. Hadi hapo hapana wizi wala hila. Mgeni alibisha hodi, akaitikiwa.

Lakini ghuba ya Maya, kwa uzuri wake wote, haikuwa nzuri ya kutosha kwa macho ya watengeneza sinema. Pepo ya kwenye sinema lazima iwe na minazi, na pale hapakuwa na minazi ya kutosha. Pepo ya sinema yataka uwanja mpana wa vijana kuchezea, na pale palikuwa na vilima vya mchanga. Kwa hivyo mimea ya asili iling'olewa, vilima vikasawazishwa kwa mashine, na minazi makumi kadhaa ikaletwa ikapandwa mahali ambapo Mwenyezi Mungu hakupanda mnazi. Picha zikapigwa mapema mwaka wa 1999. Kampuni iliahidi kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa, na ilijitetea pia kwamba ilizoa takataka nyingi iliyozikuta ufuoni, jambo ambalo sina haja ya kulikanusha.

Mtu wa mji mkuu akiitazama mimea ile ya ufuoni huona majani tu, tena mabaya. Mvuvi ajua kwamba majani yale ndiyo yaliyoushika mchanga usiondoke na maji. Zilipofika pepo za msimu, ufuo uliochokolewa ukamomonyoka, na mimea iliyorudishwa kwa haraka haikuwa na mizizi ya kutosha kuuzuia.

Sasa tazama ni nani waliokwenda mahakamani. Ni halmashauri ya mkoa wa Krabi na halmashauri ya kata ya Ao Nang, yaani serikali ndogo kabisa, ile ya diwani ambaye watu humjua kwa jina la mamake. Na waliowashitaki hawakuwa wageni peke yao. Waliishitaki kampuni, wakamshitaki na wakala wake aliyeko Thailand, kisha wakaishitaki serikali yao wenyewe: Wizara ya Kilimo na mkuu wa Idara ya Misitu. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Sheria ya hifadhi yakataza kuigeuza ardhi, basi idara iliyowekwa kuilinda sheria ilipata wapi uwezo wa kumruhusu mtu kuivunja?

Nisimpunje mtu haki yake. Si wakaazi wote wa Krabi walioipinga filamu. Walikuwako wenye mashua na wenye nyumba za wageni walioona riziki inakuja, na riziki haichezewi. Lakini hilo ndilo laongeza uzito wa maneno yangu, kwani jambo linalowagawa watu wa mji mmoja ndilo linalostahili kuzungumzwa katika baraza la mji ule, hadharani, kabla ya mashine kushuka. Krabi walilizungumza baadaye, mbele ya hakimu.

Na walilizungumza kwa muda gani! Kesi ilifunguliwa mwaka wa 1999. Mwaka wa 2006 Mahakama Kuu kabisa ya Thailand iliunga mkono uamuzi wa mahakama ya rufani kwamba kazi ile iliharibu mazingira, na kwamba hasara ipimwe. Shauri likaendelea. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2022 ndipo mahakama hiyo ilipoamua kwamba Idara ya Misitu ni lazima itekeleze kazi ya kuirudisha ghuba katika hali yake, na kampuni iliyorithi mali ya Fox ikawa imekubali kutoa baht milioni 10. Miaka 23. Kijana aliyecheza katika sinema ile alikwisha kuwa mtu wa makamo, na wengi waliokuwa madiwani siku zile ni wazee wa kushika mkongojo.

Baina ya hapo lilikuja dhara la pili, ambalo hakuna karatasi iliyolitaja. Sinema ilipoonyeshwa, kuanzia mwaka wa 2000, walimwengu waliitaka pepo ile. Wakaja kwa maelfu, hadi watu 5,000 kwa siku moja katika ghuba ambayo kwa miguu waimaliza kabla kahawa haijapoa. Nanga za mashua zikavunja matumbawe. Mwezi wa Juni mwaka wa 2018 serikali ikaufunga ufuo, na haukufunguliwa mpaka Januari mwaka wa 2022, tena kwa masharti, mashua zikikatazwa kuingia ghubani kwa mbele. Kamba ilifungwa Bangkok, kuku akaparua Krabi.

KIBALI CHA MKUBWA MMOJA

Pengine msomaji atasema: afadhali basi ruhusa itoke juu kabisa, kwa mwenye nchi, iwe imara. Wala haiwi imara. Wengi wetu tumeiona filamu ya The Message, aliyoitengeneza marehemu Moustapha Akkad, Msyria aliyehamia Marekani, juu ya mwanzo wa Uislamu, ambayo Mtume (S.A.W.) haonekani wala sauti yake haisikiki. Ilianza kupigwa nchini Moroko katikati ya miaka ya sabini, kwa ridhaa ya Mfalme Hassan wa Pili, na mfano wa mji wa Makka ukajengwa huko kwa gharama kubwa. Kisha Saudia ikashikilia kwamba filamu hiyo isiwe, na ridhaa ikaondolewa. Watu wote wakaambiwa wafungashe. Kazi ilimalizwa Libya, na filamu ikatoka mwaka wa 1976, ikiwako ya Kiarabu na ya Kiingereza. Sitaki hapa kuingia katika mjadala wa mashekhe kuhusu filamu yenyewe. Hilo lina wenyewe. Naitaja kwa sababu moja: ruhusa iliyotolewa na mtu mmoja huondolewa na mtu mmoja, na aliyejenga juu yake hana wa kumlalamikia.

KWETU JE?

Sheria tuliyo nayo Kenya ni ile ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka wa 1962, kabla bendera ya uhuru haijapanda. Yasema kwamba asiwepo mtu wa kutengeneza filamu ya kuonyeshwa watu au ya kuuzwa ila awe na leseni, na kwamba maombi yake yafuatane na maelezo kamili ya matukio na maneno yote yatakayosemwa, hata kama sehemu ya filamu itapigwa nje ya nchi. Ukiisoma utaona moyo wake uko wapi. Ni sheria ya watu walioogopa maneno. Mkoloni alitaka kujua sinema itasema nini, wala hakushughulika sana na nani atakayesumbuliwa ikitengenezwa. Tuliirithi hivyo, tukaitumia hivyo.

Kisha ikaja Katiba ya mwaka wa 2010 na serikali za kaunti. Fungua Jedwali la Nne utaona kwamba shughuli za utamaduni na burudani za umma zimepewa kaunti, na humo yametajwa majumba ya sinema, maonyesho ya video, makumbusho, na fuo. Yaani nyumba ya kuonyeshea sinema ni ya kaunti, na ufuo ambao sinema yapigwa ni wa kaunti, lakini leseni ya kuipiga hutolewa na serikali kuu. Mgeni kutoka nje hana budi apitie kwa wakala aliyeandikishwa nchini, na wakala huyo ajua njia za Nairobi kuliko ajuavyo njia za Mkomani.

Wala karatasi haziishii hapo. Akitaka kuingia Fort Jesus au magofu ya Gedi, atawauliza Makumbusho ya Taifa. Akitaka hifadhi ya bahari ya Kisite, atawauliza shirika la wanyama wa pori. Akitaka kurusha ile ndege ndogo yenye kamera, ataiuliza mamlaka ya usafiri wa anga. Akitaka barabara, ataiuliza kaunti, nayo itamtoza ada. Anaweza kukusanya karatasi hizo zote, zikajaa mkoba, na bado mwenye nyumba wa Langoni aamke asubuhi akute taa zimesimamishwa mbele ya daka lake, hali hajui kuna nini.

Chukua hiyo ndege ndogo. Nyumba ya kale ya Lamu imejengwa ikiwapa watu kisogo. Ukuta wa nje ni mnene na madirisha ni machache. Mgeni huishia dakani, na maisha ya wenyewe yako ndani, uwandani na juu darini, ambapo mwanamke aweza kukaa bila ya buibui, kichwa wazi, akaanika nguo na kusuka nywele. Mafundi waliojenga vile walijua watendalo: walikuwa wakijenga hodi kwa mawe. Ndege yenye kamera huipita hodi hiyo kwa juu, na mwenye kuirusha, ambaye hana nia mbaya hata chembe, husema tu kwamba mapaa ya Lamu yapendeza yakitazamwa na jua la alasiri. Kwa hakika yapendeza. Na mji huo UNESCO iliutia katika urithi wa dunia mwaka wa 2001 kwa sababu watu bado wanaishi ndani yake.

Lakini linaloninyima usingizi ni vilima vya mchanga vya Shela. Aliyekisoma kisa cha Maya hapo juu ameshajua ninakokwenda. Vilima hivyo ni vyeupe, ni virefu, na mpiga picha akiviona hutamani kuvishika. Chini yake ndiko yaliko maji baridi ya Lamu. Mvua hunyesha, mchanga huinywa, na maji matamu hukaa juu ya yale ya chumvi kama samli juu ya mchuzi, yakitolewa visimani kupelekwa mjini. Mchanga ule ukiondolewa, au ukisukumwa na mashine kwa ajili ya mandhari ya jangwa la Arabuni, au ukamwagiwa mafuta ya jenereta, watakaokunywa maji ya chumvi si watazamaji wa sinema. Sisemi kwamba kampuni fulani imefanya hivyo. Nasema kwamba anayepitisha maombi akiwa amekaa mbali, akisoma maneno watakayosema wachezaji, hana pa kuuliza habari ya kisima.

Wala si kwamba hatujui kuandika masharti ya mahali. Nenda Kaya Kinondo, karibu na Diani, moja ya misitu ya Wamijikenda. Kaya zao kadhaa ziliingizwa katika urithi wa dunia mwaka wa 2008. Mgeni hupokewa, huvishwa kaniki nyeusi, huongozwa na mwenyeji, naye haruhusiwi kutoa kitu msituni wala kufanya mambo ya utovu wa heshima. Analipa, na fedha hubaki kijijini. Hapana karatasi ndefu pale, lakini kila sharti lina maana kwa mahali penyewe, na aliyeliweka ndiye aishiye nalo.

KAMBA YA NG'OMBE NA YA KUKU

Nisidhaniwe kwamba nataka milango ifungwe. Filamu ni kazi, na vijana wetu wanaihitaji. Kuna seremala wa kujenga majukwaa, mama wa kupika wali wa watu mia, nahodha wa kukodisha jahazi. Na wako vijana wetu wenyewe waliojifunza kushika kamera, wanaopiga kasida, maharusi na michezo mifupi, wakauza. Kwa maneno ya sheria ile ya 1962, kitu cha kuonyeshwa watu au kuuzwa ni filamu ya biashara, basi kijana huyo mwenye kamera moja na rafiki wa kumshikia mwavuli amewekwa kundi moja na kampuni ya malori kumi. Kampuni huajiri wakala ikalipa. Kijana hujificha, au huacha. Kamba imshikayo ng'ombe humnyonga kuku.

Hapa kuna la kujifunza kwa watu wa New York, ingawa si kila la New York lafaa kuigwa. Kabla ya mwaka wa 1966 mwenye kutaka kupiga filamu katika mji ule alizungushwa ofisi baada ya ofisi, kila moja na muhuri wake, mpaka wengi wakachoka wakaenda kwingine. Mwaka huo meya John Lindsay akafungua ofisi moja ya filamu chini yake, kibali kikawa kimoja. Tazama: ni ofisi ya mji, si ya serikali kuu kule Washington. Mwenye barabara ndiye mwenye kuitolea ruhusa.

Baadaye yakatokea mengine. Mwaka wa 2005 mtengenezaji filamu kutoka India, Rakesh Sharma, alizuiliwa na polisi wa mji huo kwa saa kadhaa kwa sababu alikuwa akipiga picha za mitaani kwa kamera ndogo ya mkononi. Akashitaki, wakapatana, na mwaka wa 2008 kanuni zikaandikwa wazi. Kanuni hizo zinasema hivi kwa ufupi: ukishika kamera mkononi, au ukaisimamisha juu ya miguu mitatu, bila ya kuwazuilia watu njia, huhitaji kibali. Ukileta magari na mitambo, au ukataka barabara iwe yako peke yako, hapo ndipo unahitaji, tena ukate bima ya dola milioni 1 kwa ajili ya hasara utakayomfanyia mtu. Yaani kinachopimwa ni uzito wa mguu utakaokanyaga mtaa. Wanaouza na wasiouza wote hupimwa kwa pishi hiyo hiyo. Na huko Los Angeles, mji ulioizoea sinema kuliko mwingine, kampuni ikitaka kupiga picha usiku mkubwa katika mtaa wa watu, kwanza majirani huendewa mlango kwa mlango kutakwa maoni na sahihi zao. Jambo hilo mzee wa mtaa wa Kibokoni angeliweza kulifanya kwa asubuhi moja.

Halafu kuna suala la mgeni njoo mwenyeji apone. Filamu ya The Constant Gardener, iliyoongozwa na Fernando Meirelles ikatoka mwaka wa 2005, ilipigwa kwa sehemu Kibera na Loiyangalani. Watengenezaji wake, baada ya kuona hali ya watu waliowapokea, waliunda mfuko wa hisani kwa ajili ya sehemu hizo, na wanastahili shukrani. Lakini walifanya hivyo kwa imani yao. Hapakuwa na kibali kilichowalazimisha, na atakayekuja baada yao akiwa na moyo mkavu ataondoka salama, karatasi zake zikiwa sawa kabisa.

Kwa hivyo nasema sahihi ya mwisho iwe ya mahali. Leseni ya Nairobi na ikae kama ilivyo mpaka Bunge liibadilishe. Lakini kaunti isitosheke na kukata risiti. Iulize mambo ambayo Nairobi haiwezi kuyajua: mtambo utasimama wapi, saa ngapi, na utazimwa saa ngapi, ni kisima gani kilicho karibu, ni msikiti gani, nani atazungumza na wenye nyumba. Iweke amana ambayo hairudishwi mpaka wazee wa mtaa waende kutazama kwa macho yao kwamba mahali pamerudi kama palivyokuwa. Na kijana mwenye kamera ya begani aachwe apite.

Njia ya kulifanya jambo hili ipo, wala haihitaji mtu kwenda Nairobi. Kila mwaka kaunti hupitisha Sheria yake ya Fedha, ambamo ada za kila kitu huwekwa, toka ya kibanda cha sokoni hadi ya maegesho. Kabla ya kuipitisha hulazimika kuwaita wananchi watoe maoni yao. Wenye vibanda huenda, wenye matatu huenda, wavuvi nao huenda, kila mtu akitafuta mstari wake. Penye mstari wa filamu hapana wa kusimama, na huandikwa ada peke yake, bila ya sharti hata moja. Msomaji wa Lamu, Mombasa, Malindi au Kwale atakapoliona tangazo la mkutano huo, aulizie ukurasa huo, na aende na mwenye kisima.